Maneno Aliyotunga Mume Wangu

Mume wangu wa kwanza alikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Tororo, na kama angeridhika na kazi hiyo huenda mpaka leo ningekuwa namsema vizuri. Alikuwa na mwandiko mzuri. Alijua gunia lipi la pamba linakwenda Mombasa na lipi limebandikwa karatasi isiyo yake. Lakini hakuridhika. Alitaka kumpa Mungu maneno mapya, kana kwamba Mungu alimletea malalamiko kuwa ya zamani yamechakaa.

Alinioa kutoka Buhehe mwaka uliofuata Uhuru wa Uganda. Mimi Msamia, yeye Mteso wa Sikuda. Kiteso nilikuwa sikijui, naye Kisamia alikibabaisha tu, kwa hiyo nyumba yetu iliongea Kiswahili. Tulipewa chumba katika nyumba za reli, zile tulizoziita landi, na vumbi la kiwanda cha saruji lilituangukia kila siku hata nguo nyeusi ikawa ya kijivu kabla ya kukauka. Sikulalamika. Nilikuwa nimesoma kwa masista mpaka darasa la saba, nikaona nimepata mume msomi, tena mpole. Upole wake ulikuwa wa mtu asiyekusikia. Hilo nililijua baadaye.

Kanisani alitaka kuwa msomaji. Mchungaji alimjaribu Jumapili moja, na badala ya kusoma kifungu alichopewa akaanza kuwaeleza waumini kwamba neno "neema" limechafuka, maana siku hizi ni jina la wasichana wanaouza pombe. Mchungaji alimngoja amalize. Kisha akamwambia mbele ya watu wote, "Ndugu karani, hawa wamekuja kuisikia Injili. Hawakuja kuisahihisha."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa nilikuwa bibi harusi mjinga nikadhani mume wangu naye atacheka. Hakucheka. Hakurudi tena katika kanisa lile, na kabla ya mvua za masika alikuwa na kanisa lake.

Lilikuwa banda lililotumika zamani kuhifadhia ngozi za ng'ombe, karibu na njia ya reli. Ngozi zilishaondoka lakini harufu ilibaki. Waumini walikuwa wachache: wajane, vibarua waliofukuzwa makanisa mengine kwa ulevi, na fundi cherehani mmoja mwenye sauti nene, ambaye alijifanya mzee wa kanisa tangu siku ya kwanza na kuwashonea wenzake kanzu nyeupe. Wote walimwita mume wangu Mwalimu. Alilipenda sana jina hilo. Hata nyumbani nikisema "baba" alichelewa kuitika, nikisema "Mwalimu" aligeuka mara moja.

Mafundisho yake yalikuwa hivi. Alisimama mbele, mikono nyuma, akasema, "Mtu amekosa nyama, anasema roho inamuuma. Mtu ameuza ng'ombe, anasema ana amani. Je, maneno hayo hayo tumpelekee Mungu?"

"Hapana, Mwalimu!"

"Mungu anataka maneno ambayo hayajaguswa."

"Kweli, Mwalimu!"

Ndipo anawapa la Jumapili hiyo. Kwanza ilikuwa "nuruma", yaani huruma inayokuja pamoja na nuru. Ikafuata "usomoyo", yaani Mungu anavyousoma moyo wa mtu. Ikaja "ukanuro", dhambi ya kuikana nuru, na chini ya dhambi hiyo aliweza kukuweka kwa kosa lolote, hata kusinzia. Watu walirudia neno mpaka likawakaa mdomoni, halafu wakaomba nalo. Ukimwuliza mmoja wao nuruma ina tofauti gani na huruma, alikutazama kama umetukana.

Mimi niliyaona yakitengenezwa, kwa hiyo heshima sikuwa nayo. Alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa mezani na soksi zake, akataka chai na ukimya. Alikuwa akiyakata maneno mawili kama mtu anayechinja kuku wawili, halafu anashona kichwa cha huyu kwenye mwili wa yule. Likikataa kushoneka alilaumu sauti ya sufuria zangu. Likikubali alitabasamu peke yake, akaenda kulala, na kesho yake aliwaambia watu kwamba amepewa.

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa Mjapadhola, mke wa mfanyakazi wa reli, mama wa watoto wengi na mwanamke wa dharau kubwa kuliko yangu. Alipita asubuhi na ungo wake wa wimbi, akaketi kizingitini kwangu.

"Mama, leo mzee yako nazaa neno gani?"

"Usomoyo."

"Hiyo nakula na nini?"

Tukacheka mpaka wimbi likamwagika. Ndiyo ilikuwa asili ya mchezo wetu. Tulisema kama kutunga maneno ni kazi rahisi hivyo, basi na sisi tutunge, lakini sisi tutatunga ya vitu vilivyopo. Siku hiyo hiyo mgeni alikuja kwake, akaaga, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mwingine nje, akaongea mpaka jua likazunguka nyumba. Alipoondoka tukamwita mguumlango. Mke wa mshika bendera wa garimoshi, yule ambaye kila umbea aliuanza kwa "mimi sijui, lakini", tukamwita sijuilakini. Na kile kikohozi kidogo, kikavu, ambacho mtu hukohoa kabla ya kusema uongo, tulikipa jina la kohongo.

Hatukumwambia mtu kwamba yametoka mbinguni. Tuliyatumia tu kisimani, na wenzetu wakayachukua bila kuuliza. Haukupita muda mrefu nikawasikia watoto wakiambiana "acha umguumlango, ingia au toka". Wapagazi wa stesheni nao walilipata kohongo, sijui kwa nani.

Jioni moja mume wangu alikuja amekunja uso. Alikaa bila kuvua viatu.

"Kuna neno linatembea pale kazini," alisema. "Leo mpagazi amenijibu, 'Bwana karani, usinipe kohongo.' Wewe unalijua?"

"Nalijua."

"Maana yake nini?"

"Ni kikohozi cha mtu anayetaka kusema uongo."

 Akakohoa, kikohozi kidogo, kikavu. Nilitazama sufuria kwa nguvu zangu zote.

"Neno la kishenzi," alisema. "Halina mzizi."

Kumbe yake yalikuwa na mizizi.

Binti yetu alizaliwa katika mvua kubwa, na kwa muda fulani sikuwa na nafasi ya kumdharau mtu yeyote. Alikuwa mtoto mwenye hasira, mwenye nywele nyingi. Baba yake alimchukua mkononi kama mzigo usiojulikana unakokwenda, lakini alimchukua. Alimletea kofia ya sufu. Alikataa kumpa jina kutoka kwa mababu zake wala zangu, akasema jina lake litakuja, na tulimwita Mtoto tukingoja.

Jina halikuwahi kuja. Alikuwa ameanza kukaa mwenyewe alipopata homa, na asubuhi moja degedege likamkamata mikononi mwangu, macho yakageuka juu. Nilipiga kelele. Mume wangu alikuwa ananyoa ndevu. Alikuja na povu upande mmoja wa uso, akanyakua mtoto, akatoka mbio bila viatu. Nilimfuata. Kutoka landi mpaka hospitali ni mwendo, na alikimbia wote huku amemkumbatia, na alichokuwa anasema ni "mwanangu, mwanangu, mwanangu", basi. Watu walimpisha njia. Nilimwona mgongo wake ule, shati limetoka nje ya suruali, nikampenda. Nasema kweli. Kama kuna wakati nilikuwa mke wa mtu yule, ni njia ile yote.

Madaktari walifanya walichoweza. Mtoto alikufa kabla ya saa sita mchana. Mume wangu alikaa sakafuni katika ukumbi wa hospitali, povu limekauka shavuni, akalia kama watu wanavyolia. Nilikaa karibu naye. 

Tulimzika Sikuda, kwao na baba yake, kesho yake. Fundi cherehani alikuja na waumini wote, kanzu zimepigwa pasi. Na mume wangu, aliyelala usiku kucha uso ukutani, aliamka, akaoga, akavaa kanzu. 

Alisimama kichwani pa kaburi.

"Mtoto huyu hakufa," alisema. "Msiseme amekufa. Amepata urudiko."

"Urudiko," wakasema.

"Urudiko ni kurudi kwa kile ambacho hakikuondoka. Kwa hiyo tusilie. Kulia hapa ni ukanuro."

Sikuamini kwamba usiku ule, akiwa amegeukia ukuta, alikuwa anashona neno. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijua sauti yake ya neno lililokubali. Ilikuwa na furaha ndani yake, ndogo sana, imefichwa vizuri, na mimi peke yangu pale ndiye niliyeizoea.

Jirani yangu alikuwa amesafiri kutoka Tororo kwa lori la mawe, mtoto wake mdogo mgongoni. Alipofika kaburini alipiga yowe, mikono kichwani, kama kwao wanavyolilia maiti. Fundi cherehani alimshika kiwiko.

"Mama, Mwalimu amesema tusilie."

"Mwalimu naweza kusema," alijibu. "Mimi nalia. Yeye sema, mimi nalia. Kila mtu na kazi yake."

Akaendelea. Mama mkwe wangu naye akaanza, na shangazi zake, na baada ya muda kaburi lote likawa kilio, na mume wangu akabaki midomo inacheza bila kusikika. Nawashukuru wanawake wale mpaka leo.

Ningeweza kumsamehe hotuba ile. Mtu aliyefiwa husema upuuzi, na watu hufunika. Lakini tuliporudi Tororo alilifanya neno lile mali. Kila Jumapili katika lile banda la ngozi alisimulia kifo cha binti yangu ili kueleza urudiko. Wimbo ulitungwa. Kila safari alikata kitu na kuongeza kitu. Zile mbio za kwenda hospitali ziliondolewa mapema sana. Mahali pake akaweka kwamba alimwekea mtoto mikono akiwa ametulia, akaona uso wake unang'aa. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa wanawake. Nilitazama kanzu yake na nikafikiria povu la sabuni.

Siku moja alinipa ishara nisimame.

"Mama wa mtoto atashuhudia."

Nilisimama. Wote waligeuka, nyuso zimejaa ile furaha ya watu wanaotaka kuliona jeraha la mwenzao.

"Mtoto wangu alikufa," nilisema. "Alikuwa na homa. Baba yake alimkimbiza hospitali bila viatu akiwa analia, na akafa. Mimi namlilia kila siku. Sina la zaidi."

Nikaketi. Fundi cherehani aliuanzisha wimbo kwa ile sauti yake, kwa haraka, kama mtu anayetupa gunia juu ya moto.

Nyumbani mume wangu alisema, "Umeniaibisha."

"Nimekusifu," nilimwambia. "Nimewaambia kwamba ulikimbia."

Hakuelewa. Alinitazama kwa uvumilivu, akaniambia kwamba nina ukanuro mzito na kwamba ataniombea. Nilifunga nguo zangu katika shuka siku iliyofuata, akiwa kazini. Jirani yangu alinisindikiza mpaka pale malori yanaposimama. Alinipa karanga za njiani na hakunishauri lolote.

Mama yangu mdogo alikuwa mjane mwenye kibanda cha samaki wakavu Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Alinipokea bila maswali mengi. Nilijifunza kununua samaki kwa watu wa ziwani na kuwauza pande zote mbili, kwa kuwa wakati ule mpaka ulikuwa kamba tu na askari aliyechoka. Barabara ilijaa vijana wa baiskeli waliofunga mto wa kukalia nyuma ili kuvusha watu, na waliita kutwa nzima, "Boda, boda!" Kelele zile nilizipenda. Hakuna aliyewakusanya kwenye banda kuwafundisha.

Mume wangu alikuja kunichukua kabla ya mavuno ya wimbi. Alikuja na fundi cherehani, wote wawili wamebebwa nyuma ya baiskeli kama vikapu vya kuku. Aliposhuka akapangusa suruali, na neno lake la kwanza, kabla ya salamu, lilikuwa, "Boda ndiyo nini? Hawa vijana wanaiharibu lugha."

Mama mdogo aliwawekea viti uani. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ni mkwe wake, alikaa ndani nyuma ya pazia la mlango, akawa anasikiliza.

"Hamjambo nyumbani," alisema mume wangu.

"Hatujambo. Karibuni."

"Nimekuja kwa ajili ya mke wangu. Hali aliyo nayo nimeitafakari sana. Nimepewa jina lake. Ni mtengamwanga. Siyo dhambi. Ni kutengana na mwanga kwa muda, na kuna njia ya kurudi, ambayo ina hatua..."

"Mkwe wangu," mama mdogo alisema kutoka nyuma ya pazia, kwa heshima zote. "Mimi mama yako sikusoma. Ongea kama watu wa soko, nisikie. Unamtaka mtoto wangu?"

Fundi cherehani alitazama viatu vyake. Mume wangu alifungua mdomo. Nilimngoja. Sikutaka mengi. Nilikuwa tayari kwa "nyumba imepoa", au "hakuna wa kunipikia", hata hilo. Mtu anaweza kurudi kwa neno kama hilo.

"Swali si kumtaka," alisema hatimaye. "Swali ni mwanga."

Nilimwuliza, "Asubuhi ile, ulipokuwa umembeba mtoto barabarani, ulikuwa unasema nini?"

Alikunja uso, akatafuta kweli, nakiri kwamba alitafuta.

"Sikumbuki," alisema. "Nadhani nilikuwa naomba."

Nikaingia ndani nikakoroga uji. Mama mdogo aliwaaga kupitia pazia, akawaambia mambo ya ng'ombe wa mahari yatazungumzwa na wazee, wakaondoka. Hawakupata baiskeli, wakatembea hadi barabara kuu, kanzu ikiwa kwenye mfuko.

Kanisa lile halikufika mbali. Nilisikia kwa jirani yangu, aliyekuja kuchukua samaki kwangu kila alipoweza na kunijaza habari. Fundi cherehani naye alianza kupewa maneno. Alisema urudiko ulishuka kwake kwanza, na Mwalimu aliusikia tu. Walitoleana maneno hadharani Jumapili nzima, huyu la kwake, yule la kwake, wakalaaniana kwa maneno ambayo laana zake hakuna aliyejua zina uzito gani. Wengine walimfuata fundi, wengine wakarudi walikotoka, wengine wakarudi kwenye pombe. Mume wangu aliomba uhamisho, akapelekwa stesheni ndogo huko kaskazini ambako garimoshi lilipita mara chache. Kwa mwandiko wake, nadhani wanafurahi naye.

Mimi niliolewa tena baadaye, nikazaa. Hayo si ya hapa.

Kuelekea mwisho wa miaka ile ya sitini alikuja kibandani kwangu bibi mmoja wa Kiteso, mmoja wa wajane waliokuwa wakikaa nami mstari wa wanawake. Alikuwa amezeeka sana. Alichagua samaki kwa muda mrefu bila kununua, kisha akaniuliza, huku amewatazama samaki, "Mama, ile nuruma. Iko kwenye Biblia?"

"Haimo, mama."

"Na usomoyo?"

"Nayo haimo."

"Padri amesema hivyo pia. Nilifikiri yeye hajui tu." Aliketi juu ya gunia langu. "Mimi naomba kwa hiyo miaka yote. Watoto yangu walikwenda jeshi, naombea na hiyo. Macho naombea na hiyo. Basi nilikuwa naomba nini?"

 Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika kwa ajili yangu mwenyewe. Mtu amekaa mezani na soksi zake, ametabasamu peke yake, na mwanamke huyu ameyachukua yale matapishi akaombea watoto wake jeshini.

"Zamani uliombaje?" nilimwuliza. "Kabla ya sisi."

"Kiteso. Kama mama yangu."

"Basi omba hivyo."

Alifikiri. Kisha akaanza kuongea Kiteso, taratibu, nikadhani anaomba pale pale, nikainamisha kichwa. Kumbe hakuwa anaomba. Alikuwa anamtukana mume wangu, yeye na fundi cherehani na kanzu zao na banda lao, matusi ya kawaida ya nyumbani, na Kiteso changu kidogo nilichookota kwa wakwe kilinitosha kuyaelewa yote. Nilimfungia samaki wakubwa.